Soksi ya Pili
Tafakari juu ya historia ya kufuma, kwa vikundi vya vijana

Mama yetu mzazi alipofariki, tulikuta chini ya kitanda chake kikapu cha kufumia. Ndani yake mlikuwa na kofia ya mtoto mchanga iliyokosa kamba za kufungia, sweta ndogo yenye mkono mmoja, shali iliyofika nusu, na soksi za baba. Soksi ya kwanza ilikuwa imekamilika. Ya pili ilikuwa bado juu ya sindano zake, imefika kwenye kisigino. Wanaoujua mji wa Bukavu, ulio kando ya Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, wanajua jinsi baridi ya usiku wa kiangazi inavyowasumbua wazee miguuni. Baba alikuwa akizingoja soksi hizo.

Mmoja wetu alisema, kwa huzuni zaidi kuliko kwa lawama, kwamba mama alizoea kuanza mambo mengi mno. Wote tulikumbuka methali: mshika mbili, moja humponyoka. Neno hilo halikutuacha. Tangu siku ile tumekuwa tukisoma kidogo kidogo habari za kazi hii ya sindano na uzi, ambayo tuliiona kila jioni nyumbani bila kuiuliza swali hata moja. Tumegundua kwamba methali ni ya kweli, lakini hatukuwa tumeielewa vizuri. Wala mama hatukuwa tumemwelewa vizuri. Hayo ndiyo tunayotaka kuwashirikisha, ninyi ambao katika umri wenu mmeanza mengi na kuyakamilisha machache, kama sisi tulivyokuwa.

1. Soksi iliyookotwa jalalani

Historia yetu inaanzia barani Afrika. Katika jumba la makumbusho la British Museum, mjini London, imehifadhiwa soksi ya mtoto iliyotoka Antinoupolis, mji wa kale wa Misri kando ya mto Nile. Wachimbaji wa mambo ya kale waliipata katika miaka ya 1913 na 1914, katika jalala la mji huo. Umri wake ni wa miaka ipatayo 1,700. Ni soksi ya mguu wa kushoto, yenye mistari ya rangi nyingi, na kidole gumba kimetengwa na vidole vingine vinne ili mtoto aweze kuvaa ndala juu yake. Mwaka 2018 wataalamu waliichunguza kwa picha za mwanga maalumu, bila kuikata wala kuiharibu, wakatambua kwamba rangi zake zote zilipatikana kwa mimea mitatu tu: mmoja wa kutoa nyekundu, mmoja wa buluu na mmoja wa manjano. Fundi alizichanganya hizo tatu, akapata nyinginezo.

Tutulie kidogo mbele ya soksi hiyo. Miguu ya mtoto hukua upesi. Aliyeifuma alijua kwamba baada ya miezi michache haitamfaa tena. Hata hivyo alipika rangi, akapanga mistari, akatenga kidole gumba kwa uangalifu. Hakufanya hivyo kwa ajili ya makumbusho. Alikuwa na mguu mmoja mdogo machoni pake, na ulipokwisha huo akaanza wa pili. Soksi ya kulia haikutufikia, lakini hatuna shaka kwamba ilikuwapo.

2. Kufuma na kufumua

Soksi ile ya Misri haikufumwa kama mama zetu wanavyofuma leo. Ilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu na vipande vifupi vya uzi, na kila kitanzi kilivutwa mpaka mwisho wa uzi wake. Kazi ya namna hiyo huenda polepole, lakini haifumuki kwa urahisi. Kufuma tunakokujua sisi, kwa sindano ndefu na uzi mmoja usiokatika, kulikuja baadaye sana. Miongoni mwa mabaki yake ya zamani ni soksi za pamba, za buluu na nyeupe, zilizofumwa Misri ya Waislamu kati ya karne ya 11 na ya 14. Kutoka nchi za Waislamu ufundi huo uliingia Hispania, ambako mito ya hariri iliyofumwa kwa ustadi ilikutwa katika makaburi ya wana wa wafalme ya karne ya 13, huko Las Huelgas.

Katika ufundi huu mpya kila kitanzi kinakishikilia kilichotangulia, na vitanzi vya safu ya mwisho havina kitu cha kuvishikilia isipokuwa sindano yenyewe. Ukiichomoa, kazi yote inaweza kuteremka safu kwa safu mpaka ubaki na uzi mikononi. Lugha yetu ililiona jambo hilo: neno moja, fuma, lina pacha wake, fumua. Anayefuma anajua tangu mwanzo kwamba kazi ambayo haijafungwa inaweza kurudi kuwa uzi. Anajua pia upande wa pili wa ukweli huo: palipo na kosa, au mahali nguo ilipomkosa mwenyewe, uzi haupotei. Unafumuliwa, unafuliwa, unakaushwa, na unaanza safari nyingine.

Soksi, kwa kuwa ni ya mviringo, hufumwa mara nyingi kwa sindano tano. Nne zinashikilia vitanzi kwa umbo la mraba, na ya tano inafuma. Kwa macho ya mtu asiyejua, mfumaji amezishika zote tano kwa pamoja, na angestahili kuambiwa methali yetu. Lakini tazameni vizuri. Zinazofanya kazi kwa wakati mmoja ni mbili tu: moja inayotoa vitanzi na moja inayovipokea. Zile tatu nyingine zimetulia, zinalinda vitanzi vinavyongoja zamu yao. Mfumaji hafanyi kazi tano. Anafanya moja, na anazilinda nyingine zisianguke.

Picha hiyo waliiona hata wachoraji wa Kikristo. Karibu mwaka 1400, Master Bertram wa Hamburg alichora madhabahu kwa ajili ya watawa Wabenedikto wa Buxtehude, katika nchi tunayoiita leo Ujerumani. Katika ubao mmoja Bikira Maria ameketi akifuma kanzu ndogo kwa sindano kadhaa. Kanzu karibu inakamilika, amefika shingoni. Mtoto Yesu amelala majanini karibu naye, ana kitabu mbele yake na pia chake cha kuchezea, lakini amegeuka kuwatazama malaika wawili wanaoleta msalaba, mkuki, misumari na taji la miiba. Waliozoea Injili ya Yohane, sura ya 19, watakumbuka kanzu isiyokuwa na mshono, ambayo askari hawakutaka kuipasua. Mchoraji ameiweka mikononi mwa mama, bado haijafungwa. Mama anaendelea kufuma wakati mwana ameshaona mwisho wa safari.

3. Mikono iliyofanya kazi njiani

Soksi zilipoenea Ulaya ya kaskazini, nani alizifuma, na kwa saa zipi? Hapa ndipo tulipoanza kumwelewa mama yetu.

Katika mabonde ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, hasa katika kijiji cha Dent, karne ya 18 na ya 19 wanaume, wanawake na watoto walifuma soksi za kuuza na za kuvaa. Ardhi ilikuwa ndogo na mifugo haikutosha kuwalisha. Walifuma wakichunga kondoo, walifuma wakienda sokoni. Kiunoni, kwenye mkanda, walichomeka kijiti cha mbao kilichotobolewa nchani. Tundu hilo lilishikilia sindano moja, nao wakapata mkono wa kufanyia jambo jingine. Kijana aliyependa msichana alimchongea kijiti kama hicho na kukipamba: zawadi ya kumsaidia kutengeneza zawadi. Usiku wa baridi, ili kuni na taa visiishe katika kila nyumba, majirani walikusanyika kwenye moto mmoja, wakafuma wakisimuliana hadithi na kuimba nyimbo za kuhesabia safu.

Kaskazini zaidi, katika visiwa vya Shetland, wanawake walibeba mgongoni vikapu vya mboji iliyokaushwa, yaani udongo unaochomwa badala ya kuni. Picha za karne ya 19 zinawaonyesha njiani, wameinama chini ya mizigo, na mikono yao inafuma. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa maana ya picha hiyo. Tumewaona mama zetu wakipanda kilima na mzigo uliofungwa kwa kamba kwenye paji la uso, huku mikono inamtuliza mtoto au inamenya kitu cha kula jioni.

Basi kwa nini mfumaji ana kazi nyingi katika kikapu kimoja? Kwa sababu hana saa ndefu. Ana vipande vya saa. Mguu wa soksi ulionyooka unaweza kufumwa gizani, kwa kugusa tu, au njiani katikati ya mazungumzo. Kisigino kinataka mwanga, utulivu na hesabu, maana hapo ndipo soksi inapogeuka. Shali pana haiwezi kubebwa sokoni. Mama alipoiacha shali na kushika soksi, hakuwa amechoka na shali. Saa aliyopata ilikuwa ya soksi.

4. Kazi aliyoikamilisha ndugu

Mwaka 1589, inasimuliwa kwamba William Lee, kasisi wa Kianglikana wa Calverton katika jimbo la Nottingham, alibuni mashine ya kufuma soksi baada ya kutazama kwa muda mrefu mikono ya mwanamke aliyekuwa akifuma. Malkia Elizabeth wa Kwanza hakumpa hati ya kuilinda kazi yake; wengi husimulia kwamba alihofia maskini walioishi kwa sindano zao wangekosa chakula. Lee aliirekebisha mashine hata ikaweza kufuma hariri, bado hakufaulu. Akahamia Ufaransa, akafanya kazi Rouen chini ya ulinzi wa Mfalme Henri wa Nne. Mfalme aliuawa mwaka 1610, na tumaini la Lee likazimika naye. Alifariki Ufaransa miaka michache baadaye, kazi yake ikiwa mikononi mwa wengine.

Ni James, ndugu yake, aliyerudi Uingereza pamoja na mafundi na mashine. Kutokana na kurudi huko kilikua kiwanda kilichovisha miguu ya Ulaya. Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa chema: miaka ya 1811 na 1812, katika jimbo lilelile la Nottingham, wafumaji wa mashine walioumizwa na ujira mdogo walivunja mashine usiku, na Bunge likatunga sheria ya kuwahukumu kifo wavunjaji. Hofu iliyosimuliwa juu ya Malkia haikuwa ya bure.

Tangu mashine iliposhinda, soksi ya mkono haikuwa tena njia rahisi ya kupata soksi. Aliyeendelea kufuma kwa ajili ya watu wake hakuendelea kwa sababu sokoni hamna soksi. Aliendelea kwa sababu soksi ya sokoni haikufumwa kwa kipimo cha mguu fulani, wala haikumfikiria mwenye mguu huo kwa majuma matatu.

5. Sanduku lenye siku yake

Kipo kisa kingine kinachotufundisha jinsi kazi nyingi zinavyoweza kukamilika. Huko Latvia, kando ya bahari ya Baltiki, msichana alianza tangu utotoni kufuma soksi na glavu na kuziweka katika sanduku lake la arusi. Siku ya arusi zilitolewa: kwa mama mkwe na baba mkwe, kwa mashemeji, kwa aliyeendesha farasi, kwa wageni. Bibi arusi aliweka nyingine katika nyumba mpya, penye moto, mlangoni, hata zizini. Katika jamaa zilizojiweza sanduku lilijaa jozi zaidi ya mia. Desturi hiyo haijasahauliwa: mwaka 2006, wakuu wa nchi za NATO walipokutana Riga, wafumaji wa Latvia waliwafumia wageni wa mkutano jozi 4,500 za glavu.

Msichana mmoja, jozi mia moja: je, hiyo si kushika mengi? Lakini kila jozi ilikuwa na mwenyewe, na zote zilikuwa na siku. Aliyejua nani anamfumia, na lini, aliweza kuanza nyingi bila kupotea kati yake.

Vita vilionyesha jambo hilohilo kwa uchungu. Mwaka 1914 Malkia Mary wa Uingereza, kwa ombi la Lord Kitchener, waziri wa vita, aliwaomba wanawake wa nchi yake jozi 300,000 za soksi kwa ajili ya askari. Katika mahandaki yaliyojaa maji, miguu ya askari ilivimba na kuoza. Majira ya baridi ya kwanza peke yake yaliwaangusha askari wa Uingereza wapatao 20,000. Kubadili soksi ikawa amri ya jeshi. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, wavulana kwa wasichana walifuma shuleni kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Soksi moja haikuwa na faida kwa mtu mwenye miguu miwili. Aliyeishia ya kwanza alikuwa hajasaidia bado. Nasi wa Kongo tunaongeza neno moja kwa kumbukumbu ya haki: katika vita hivyohivyo, wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi letu mpaka Tabora mwaka 1916 walikwenda kwa maelfu, na hakuna malkia aliyeomba soksi kwa ajili yao.

6. Kurudi kwenye kikapu

Sasa turudi nyumbani. Siku arobaini baada ya mazishi, dada yetu mkubwa alikifungua kikapu mbele yetu. Hakukitupa, wala hakukihifadhi kama kitu kitakatifu. Alikipanga.

Kofia ilikosa kamba tu. Alizifuma usiku uleule, ikapelekwa kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Sweta yenye mkono mmoja ilikuwa imeanzwa kwa ajili ya mjukuu ambaye sasa hata kichwa chake kisingeingia. Dada aliishika kitambo, halafu akatafuta ncha ya uzi, akaanza kufumua. Baadhi yetu tulilia kuliko siku ya mazishi. Yeye alisema tu kwamba uzi bado ni mzima. Na kwa kuwa sufu ya soksi za baba haikupatikana tena sokoni, uzi huo wa sweta ndio uliomalizia soksi ya pili. Kuanzia kisigino rangi inabadilika, na vitanzi vya dada vimekaza kuliko vya mama. Mwenye macho anaona mahali mkono mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanza. Baba anazivaa kila usiku wa kiangazi, na hajawahi kuomba jozi inayofanana.

Shali ingali juu ya sindano zake. Dada anasema zamu yake haijafika.

Kwa hiyo methali tunaiacha mahali pake, ila tunaisoma upya. Kinachomponyoka mtu ni kile anachokishika bila kujua anakishikia nani. Vijana wapendwa, ninyi mnayo masomo mliyoyakatisha, mkiwa mmezuiwa na vita au na karo. Mnayo shamba la kikundi lililolimwa nusu, darasa la kusoma na kuandika lililofunguliwa kwa shangwe na kuachwa kimya. Hatuwaambii msianze mengi. Maisha ya nchi yetu hutoa vipande vya saa, na anayengoja saa ndefu hafumi kitu. Tunawaomba tu mkifungue kikapu. Kilichobakiza kamba, kimalizeni juma hili. Kilichopoteza mwenyewe, kifumueni bila aibu na kuutunza uzi. Kinachongoja zamu, kilindeni kwenye sindano, kisianguke. Na penye kazi ya mtu aliyetutangulia, ambaye alifika kwenye kisigino, msione haya kwamba rangi itabadilika.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi

1. Ni kazi gani tumeianza pamoja na haijakamilika? Ilikuwa kwa ajili ya nani, na huyo bado anaingoja?

2. Ni jambo gani tunaling'ang'ania ingawa lingefaa kufumuliwa, ili nguvu zake zitumike mahali pengine?

3. Nyumbani mwetu, ni nani anayefanya kazi kwa vipande vya saa bila kuonekana? Juma hili tumpunguzie mzigo gani?